Pilau ya Katapila

Jumanne.

Sahani yangu ya maua imekwenda, na wala sijuti.

Mwanangu Juma anabomoa nyumba kuukuu Gerezani kwa kikatapila chake. Siku hizi amekifungia rimoti, anakiendesha kwa mbali. Leo nimempelekea pilau, namkuta amesimama kivulini, kiti cha kikatapila kitupu.

"Mvivu we! Unabomoa nyumba kama unabadilisha chaneli?"

"Mama, ni usalama."

"Usalama wa makalio! Mimi nalisha anayefanya kazi."

Akazima. Nikaiweka sahani kwenye kile kiti, nikakiambia kikatapila karibu chakula, nikarudi kivulini nimenuna. Juma akacheka, akaendelea.

Ukuta ukaangukia kiti.

Nikamshika mwanangu kichwa, mabega, nikahesabu vidole vyake vyote, yeye mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikampakulia iliyobaki kwenye hotipoti.

Akauliza nyama. Nikamwambia zote nilimpa katapila.