Mapigo Mawili ya Baba Khảm

Baba, mwaka umetimia leo tangu ulipotutoka, na ubani tuliokuwashia alfajiri umeteketea wote bila kuzimika. Mama anasema hiyo ni dalili kwamba umeridhika. Mimi nasema tungoje kwanza, maana nina neno la kukuambia, na kijiji kizima kisikie.

Tunakukumbuka ukianika ngoma yako uani kila jua likichomoza, na ole wake kuku aliyeisogelea. Hukuwa mtu wa kusifu kwa mdomo. Mwimbaji akipatia, mkwiro wako wa kupigia ngoma ulishuka kwenye ngozi. Akikosea, uligonga ukingo wa mti, naye akajua. Hata mezani ulikuwa hivyohivyo. Supu ikizidi chumvi, uligonga bakuli kwa kijiti cha kulia.

"Gonga tu," Mama alikuwa akikujibu. "Utatuitia mizimu yenye njaa, na itakula supu hiyohiyo."

Miaka thelathini na saba ulishika mkwiro mbele ya hekalu la kijiji chetu. Watu husema ulinyang'anywa kwa sababu ya uzee. Leo naukana uongo huo, Baba, ingawa ulinikataza nisiseme.

Ilikuwa sikukuu ya mwezi wa pili, mara yangu ya kwanza kuimba pale. Jina la mungu mlinzi wa kijiji chetu halitamkwi. Ni neno la kawaida tu, ila likitokea katika wimbo, tunaweka neno jingine. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini miaka sita nilikuwa Hanoi nikiimba wimbo uleule, neno likiwa lilivyo, na ulimi ulishazoea. Ubeti wa tatu nikahisi mdomo wangu unalielekea jina, na siwezi kuuzuia. Anayelitamka mbele ya madhabahu ile haimbi tena pale maishani mwake, na mvua ikichelewa ni kwao kunakonyooshewa kidole.

Ukanitazama. Mkwiro ukashuka mara mbili, kwa nguvu, mahali pasipotakiwa pigo lolote. Jina likazama humo.

Watu wakaguna. "Mzee kasinzia," mmoja akasema. Mzee Nghị, mkuu wa sherehe, akakuinamia: "Ndugu Khảm, umetupigia vya kutosha. Mpishe mwenzio." Ukamkabidhi mkwiro kwa mikono miwili. Nami nikanyamaza. Naona haya mpaka leo.

Njiani nilikuambia nitarudi nikaseme.

"Ukaseme nini? Mimi nimepiga miaka thelathini na saba. Wewe umeimba siku moja. Nyamaza, twende, supu inapoa."

Wiki tano baadaye tukakuzika.

Juzi sokoni nikamsikia jirani akimkaripia mwanawe: "Amka, usiwe kama marehemu Khảm." Nikaiacha mboga yangu palepale, nikaenda kwa Mzee Nghị, nikamweleza yote. Akatua kikombe cha chai. Jana akawaita wazee, wakanisimamisha mbele yao.

"Binti Khảm anasema alilitamka jina," akawaambia. "Nani alilisikia?"

Wakatazamana. Akamuuliza mmoja mmoja.

"Mimi nilisikia ngoma," akasema wa kwanza. Wa pili naye akasema vivyo hivyo, na wa tatu.

"Hata mimi nilisikia ngoma," akasema Mzee Nghị. "Kosa ambalo halikumfikia yeyote, nitalihukumuje?" Kisha akavua kilemba chake. "Ila mimi nilimhukumu Khảm."

Umekufa mwaka mzima, Baba, na bado unanifunika.

Leo Mzee Nghị ameuleta mkwiro wako mwenyewe, umefungwa kitambaa chekundu, akauweka kando ya picha yako. Sikukuu ijayo nitaimba. Nikifika ubeti wa tatu, nitalibadilisha lile neno, na kabla yake nitanyamaza kwa muda wa mapigo mawili. Nimemwomba mpigaji mpya asipige hapo. Amekubali.

Wanaokukumbuka ni mkeo Lựu, ambaye bado anazidisha chumvi na hana wa kumgongea bakuli. Mwanao Tuyển na mkewe. Wajukuu zako wawili. Na mimi, Thoan wako. Tukiwa hai, Baba, hutasahaulika.