Chupa Isiyopanda Kontena

Mama, shikamoo. Huku Guangzhou, Uchina, joto na mvua vinashindana, na kadi hii naiandika mgahawani Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, ugali ukipoa.

Ile dawa ya magoti uliyoniagiza nimeiona. Kumbe ni pombe iliyolowekwa mifupa ya chui milia! Muuzaji aliitoa chini ya meza akinong'ona. Nikamwambia, "Bu yao," yaani sitaki. Mama Rehema, ninayechangia naye kontena, akasema tuifiche kontenani, ndani ya viatu vyangu vya biashara. Nikamjibu, "Ikiingia hiyo, viatu vyangu vinatoka." Akanuna, lakini chupa ikabaki dukani.

Wanyama hao wamebaki wachache porini, mama, na sikubali wauawe kwa jina lako. Nikirudi, magoti yako nitayakanda mwenyewe kila jioni, mpaka uweze kunikimbiza na mwiko.

Mwanao akupendaye,
Anyesi