Masomo Manane na Bi Netta

Jumanne, 3 Oktoba

Leo tumegawiwa watu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa chuo cha ukocha anapewa mtu mmoja asiyejua gofu hata kidogo, amfundishe masomo manane, kila Jumanne. Somo la nane Mwalimu Kinnaird anakuja na karatasi zake, anasimama pembeni, anatoa maksi. Ukianguka hapo, unarudia mwaka.

Struan kapata mzimamoto mwenye mabega kama mlango. Mimi nimepata bibi! Bi Netta Coull, miaka sitini na tisa, mpishi mstaafu wa shule ya msingi ya hapa mjini. Kaja na koti la mvua na mfuko wa fimbo za mumewe, unaburutika chini kwa jinsi alivyo mfupi.

Nikamuuliza swali la kwanza la mwongozo: anataka kufikia wapi kimchezo?

"Nataka kujua yule mwanamume alikuwa akienda wapi," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 7 Oktoba

Gofu inachezwa watu wanne wanne. Vijana wa darasani ninaokaa nao nyumba moja wako wanne. Wameondoka asubuhi na gari la Struan, kelele ngazi nzima. Hakuna aliyenikosea — ni hesabu tu.

Nimecheza peke yangu. Upepo wa mashariki, mchanga machoni. Shimo la sita nimepiga mkwaju ambao sijawahi kuupiga maishani: mpira umepanda, umekunja kushoto, umetua hatua mbili kutoka shimoni. Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Kondoo tu, ng'ambo ya ukuta.

Mama kapiga simu kutoka nyumbani, visiwani Orkney. Je, nimepata marafiki? Nimemwambia ndiyo, wengi. Nikamtajia Struan.

Jumanne, 10 Oktoba

Somo la pili. Bi Netta kaukosa mpira mara kumi na moja mfululizo. Kila akiukosa anautukana kwa maneno ambayo sidhani aliwahi kuyatoa jikoni kwa watoto.

Tulipopumzika kaniambia habari za mumewe. Anaitwa Dod. Miaka arobaini na minne ya ndoa, kila Jumatano jioni na kila Jumamosi yuko uwanjani. Yeye Bi Netta kazi yake ilikuwa kufua suruali zenye matope. Sasa Dod yuko kwenye nyumba ya wazee kule mlimani, mwaka wa pili huu. Akili imeondoka. Hamjui mkewe — anadhani ni yule mhudumu anayeleta chai. Lakini uwanja anaukumbuka wote. Anaweza kukutajia kila shimo, kila kichuguu.

"Ana mashimo kumi na nane kichwani, binti. Na mimi simo hata kwenye moja."

 Mimi nikamjibu kwa mambo ya magoti. Kunja magoti kidogo, Bi Netta.

Jumatano, 11 Oktoba

Aibu! Mwalimu Kinnaird katuonyesha video za masomo yetu, darasa zima. Yangu kaipima kwa saa. Katika dakika sitini nimeongea dakika arobaini na moja.

"Thora, mwanafunzi wako amepumua saa ngapi?" akauliza.

Vijana wamecheka mpaka wamelala mezani. Sasa naitwa Redio Orkney. Kinnaird kasema kocha anayeongea mno anamnyima mtu nafasi ya kusikia mwili wake mwenyewe. Ni kweli, nimeandika daftarini. Ambalo sikuandika: tangu Jumamosi, ukiacha mama kwenye simu, Bi Netta ndiye mtu wa kwanza niliyeongea naye. Maneno yalikuwa yamejaa tu. Yakamwagika.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimekaa kimya! Nimeuma ulimi somo zima. Nimemwekea mpira juu ya kijiti, nikarudi nyuma, nikafunga mdomo.

Mpira wa tisa — tak! Ile sauti. Unaijua hata kabla hujatazama. Umeruka chini chini lakini umenyooka, hatua themanini hivi. Bi Netta kabaki kasimama na fimbo begani, kama mtu aliyeitwa kwa mbali.

"Kumbe," akasema.

Basi. Kumbe, peke yake.

Mvua ikaanza, tukala pai ndani ya gari lake vioo vikiwa na ukungu. Kaniuliza nakula nini siku za kawaida. Nimedanganya. Hakuniamini.

Jumanne, 24 Oktoba

Bi Netta kafika saa nzima kabla ya somo, ananisubiri. Kaja na chupa ya supu ya dengu, ya kwangu. Kabla hata sijafungua: "Nimemwambia!"

Alikwenda kwa Dod Alhamisi, akakaa kama kawaida, Dod anatazama ukuta. Ndipo akamwambia, juzi nimepiga kwa fimbo namba saba, mpira umeenda umenyooka. Dod akageuka. Upepo ulikuwa wapi? Mpira uliuweka usawa wa mguu gani? Wakaongea nusu saa! Tangu Pasaka hajawahi kuongea naye nusu saa. Alipoondoka Dod kamuuliza atacheza lini tena.

Bi Netta alikuwa anasimulia na mikono yote miwili, supu inamwagika. Akasema anataka kucheza mashimo ya kweli sasa, siyo kupiga nyasi. Anataka kuwa na cha kusimulia.

Nimetembea kurudi nyumbani huku naimba. Mimi!

Jumanne, 31 Oktoba

Mashimo matatu ya kwanza, uwanjani kabisa. La kwanza kapiga kumi na nne, la pili tukaacha kuhesabu. La tatu — mpira umepita juu ya shimo la mchanga, umedunda, akausukuma mara mbili ukaingia. Saba! Kacheza ngoma pale pale na koti lake la mvua. Wazee wawili waliokuwa nyuma yetu wakapiga makofi.

"Shimo la tatu Dod analipenda kuliko yote," akasema. "Ngoja nimwambie. Ngoja tu!"

Kanialika nyumbani kwake kula Jumapili ijayo. Nyama ya kusaga na viazi. Kaniuliza kama nakula vitunguu. Sijawahi kualikwa nyumba ya mtu tangu nifike mji huu, na huu ni mwaka wa pili.

Jumapili, 5 Novemba

Nimepiga pasi shati. Saa sita na robo ujumbe: Leo haiwezekani. N.

Nimejibu hakuna shida. Hakujibu tena.

Leo ni usiku wa mioto wa kila mwaka: fataki zimeanza jua lilipozama, mji mzima uko ufukweni. Nyumba tupu, wenzangu wote wametoka. Nimekula mkate wa kukaanga nikiwa nimevaa shati la pasi.

Jumanne, 7 Novemba

Hakuja. Nimepanga mipira ishirini, nimesubiri saa nzima. Mzimamoto wa Struan anapiga mipira kama mabomu pembeni. Nimekusanya mipira.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimekwenda kwake. Anwani ilikuwa kwenye fomu. Kafungua mlango nusu.

Nikamuuliza anaumwa? Haumwi. Akasema yote pale pale mlangoni, bila kunikaribisha.

Alimweleza Dod lile shimo la tatu, mpira mmoja mmoja, tangu mwanzo. Dod kasikiliza amefumba macho. Akauchukua mkono wake — miaka miwili hajaugusa — akaubusu. Akasema, "Umecheza vizuri, Moira."

"Moira ni nani?"

"Moira Laing. Walikuwa wanacheza pamoja, mwanamke na mwanamume, mashindano ya klabu ya wawili wawili. Miaka kumi na mmoja. Nimeshona vifungo vya shati alilovaa kwenye picha aliyopigwa naye, iko ukutani pale klabuni." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Huenda alikuwa mwenzake wa gofu tu. Huenda. Nimuulize nani? Mmoja yuko kaburini, mwingine hajui leo ni siku gani. Na mimi mjinga ndiye niliyejifunza, nikajivika nguo za yule mwanamke, nikaenda kukaa mbele yake."

Hapa ilibidi nimshike mkono. Nilijua inabidi. Badala yake nikasema — naandika, nione haya — nikasema, "Na somo la nane?"

Akausogeza mlango kidogo.

"Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya maksi zako?"

"Vyote," nikasema. Uongo haukuja.

Kafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimemwambia Mwalimu Kinnaird mtu wangu ameacha. Kadhani nitalia, kasogeza boksi la tishu. Kasema inatokea, watu si mipira. Nitafute mwingine kabla ya tarehe ishirini na moja, hata wa kuazima.

Struan alisikia. Jikoni kaniambia, mchukue mzimamoto wangu, Redio, anafundishika hata na paka. Na kesho Callan hachezi, kaumia kifundo cha mkono, tuko watatu — njoo.

Nikasema nina kazi.

Sina kazi yoyote! Mwaka mzima nimesubiri mtu aseme "njoo", na mtu kasema, na mdomo wangu umejibu wenyewe. Nimekaa kitandani nawasikia wakipakia fimbo za kesho.

Jumanne, 14 Novemba

Nimepanga mipira hivyo hivyo. Nilijiambia ni mazoezi yangu.

Kachelewa dakika arobaini, lakini kaja. Mikono mitupu, mfuko wa Dod kauacha. Nikampa fimbo za chuo. Hakusalimia. Kapiga mipira yote ishirini kama mtu anayepasua kuni, na — Mungu wangu — ilikuwa inakwenda! Ya mwisho imevuka kibao cha mia. Sikusema neno. Siyo kwa sababu ya Kinnaird. Nilikuwa natazama tu inavyokwenda.

Kisha nikasema samahani, kwa Alhamisi.

"Ulisema kweli," akasema. "Ukweli sijausikia siku nyingi, umenichoma kidogo." Akaketi kwenye benchi, anapangusa fimbo kwa pindo la koti lake. "Unajua kinachoniudhi? Mchezo wenyewe ni mtamu. Nilitaka niuchukie. Umenitia ugonjwa, binti."

Jumanne ijayo atakuja mbele ya Kinnaird. Ila kabla ya hapo anataka nimsindikize kwa Dod. Hajakwenda tangu siku ile. Hataki kuingia peke yake.

Nikamwambia saa nane kamili lazima tuwe uwanjani. Akasema anajua kusoma saa.

Jumanne, 21 Novemba

Naandika ndani ya gari la Bi Netta, maegesho ya nyumba ya wazee. Saa saba na dakika ishirini na tano. Mikono baridi, mwandiko mbaya.

Mlangoni kabadili mawazo. "Kaa garini. Nikikuhitaji nitakuita." Alikuwa na fimbo fupi ya kusukumia na mpira mmoja mfukoni. Nikamuuliza akimwita Moira tena atafanyaje. Akasema, nitamwambia mimi ni Netta. Hatua tatu mbele akageuka: "Au nisimwambie. Sijui, Thora. Wewe ungefanyaje?" Hakungoja jibu.

Dirisha la chumba chao cha kukaa linatazama huku. Nawaona.

Saa saba na nusu. Dod ni mrefu, sikutarajia. Yuko kwenye kiti, haangalii. Bi Netta kaweka mpira kwenye zulia.

Dakika thelathini na nane. Amesimama! Dod amesimama, kashika kiti, kasogea. Yuko nyuma yake sasa, mikono yake juu ya mikono ya Bi Netta kwenye fimbo. Anambadilisha mshiko! Mshiko niliomfundisha wiki saba, anausogeza kidole kimoja kimoja, na leo ndiyo mtihani. Na kwa kweli — wake ni bora kuliko wangu.

Dakika arobaini na sita. Kwenda uwanjani ni dakika kumi na mbili. Kinnaird kapiga simu mara moja, sikupokea.

Bado wamesimama vile vile. Mpira hawajaupiga. Kidevu cha Dod kiko juu ya kichwa chake. Anasema kitu, neno moja, anarudia. Vioo viwili katikati yetu, sisikii. Bi Netta ameacha kutazama mpira. Amefumba macho.

Simu tena. Nimeizima. Honi iko hapa mbele yangu, chini ya kiganja. Nimeondoa mkono.