Sekunde Tisini za Kila Asubuhi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tonge amezima kompyuta sasa hivi! Nimeinama kuokota kalamu — kalamu tu! — yeye akapita chini ya meza, akakiona kile kitufe chenye taa, akakibonyeza kwa kidole gumba kama mgeni anayebonyeza kengele. Skrini giza. Halafu akajipigia makofi. Ana mwaka mmoja na miezi kumi na tayari anajua kuzima kuliko kuwasha.

Basi inaanza upya. Naandika huku nangoja. Siku zote naandika hapa, wakati huu, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya.

Kompyuta ya dukani haiamki kama simu. Inaamka kama nyumba yenye watoto wengi: huyu ameamka, yule bado, huyu hatoki kitandani mpaka yule atoke. Mistari inapanda kwenye skrini, kila mmoja na jina lake — saa, kibodi, mtandao, printa — na pembeni alama ya kijani, maana yake yuko tayari. Mume wangu ndiye aliyepanga nani aanze na nani afuate.

Mstari mmoja tu haupati kijani. Ule wa laptop yake. Zamani kazi za wateja tulizihifadhi humo, kwa hiyo mashine ikiamka huitafuta kwenye mtandao wa duka. Huitafuta sekunde tisini. Huzihesabu kabisa, moja moja, naziona. Zikiisha hukata tamaa, mstari unakuwa mwekundu, inaendelea na mengine.

Laptop anayo yeye. Ameondoka nayo miezi tisa sasa, kwenda kusimamisha minara ya simu. Mkataba ulikuwa wa miezi sita.

Themanini na saba. Themanini na nane.

Nyekundu. Haya, kazi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Umeme umekatika mara tatu leo. Mara tatu nimewasha, mara tatu sekunde tisini. Na foleni mpaka nje, maana ni wakati wa fomu za shule, kila mzazi anataka kuchapiwa barua, kutolewa fotokopi, kupigwa picha, na anataka jana.

Shangazi alikuja kusimama nyuma yangu. Ni shangazi yake mume wangu, ndiye mwenye duka, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Mimi ananiita bi harusi mpaka leo, na mtoto nimeshazaa. Akaangalia zile namba zinavyopanda.

"Bi harusi, hiyo mashine inamngoja nani?"

Nikajifanya napanga karatasi. Anajua.

Mama mmoja kwenye foleni akamweleza mwenzake, tena si kwa kunong'ona, kwamba mtu wangu alienda kwenye minara. Mwenzake akasema makubwa, anajengea watu minara ya simu na yake mwenyewe haipatikani! Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu inachekesha kweli. Kisha nikaenda stoo kutafuta karatasi ambazo sikuzihitaji.

Jioni Shangazi amesema maneno machache. Mpaka Jumatatu. Nisipofuta huo mstari atampigia fundi wa maofisini, aje afute mashine yote aweke mpya. "Yote, unanisikia? Sina muda wa kungoja-ngoja."

Yote ndiyo yote. Kila alichokipanga humo. Mpangilio wa printa, herufi kubwa alizoniwekea ili nisikodoe macho, lile neno la salamu linalonitokea kila asubuhi: *karibu mama T*.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata akili! Kama tatizo ni kuchelewa, basi nitapunguza kuchelewa kwingine. Wake sitaugusa.

Faili lenye huo mpangilio wa kuamka najua kulifungua. Nilikuwa nakaa nyuma yake na mimba kubwa, nikimtazama vidole. Kidato cha pili nilikoishia hatukuwahi kuiona kompyuta, tulichorewa ubaoni. Lakini macho yangu hayakuacha shule.

Nimepata mstari mmoja ambao nao hungoja mtandao na sikuona unafanya kazi gani. Umekaa tu kimya. Nikauzima. Nikazima mashine nikawasha: imeokoa sekunde kumi na moja!

Nimemwambia Tonge, mama yako fundi. Akanipa biskuti iliyotafunwa. Tuzo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Mwalimu mkuu amekuja na bahasha. Barua thelathini na mbili nilizochapa asubuhi. Akaziweka mezani taratibu, akapangusa miwani. "Mama Tonge, hebu nisomee tarehe."

Zote, Januari mosi, elfu moja mia tisa na sabini.

"Shule yenyewe ilikuwa haijajengwa," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa. Sasa huyu mtoto anaomba nafasi kwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Barua zetu hujiwekea tarehe zenyewe, nami sikuangalia, nilikuwa nakimbizana na foleni. Zote thelathini na mbili nimechapa upya na tarehe nikaandika kwa mkono wangu, moja moja.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angefoka. Ameninyooshea karatasi tu, kila nikimaliza moja ananinyooshea nyingine.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimemwita Bisibisi. Ni dada wa kutengeneza simu, meza yake iko hapa kibarazani, tunampa mtandao wa duka naye anatuangalizia mlango. Mtandao wenyewe unaishia mezani kwake. Ukivuka barabara tu umeupoteza.

Akakaa, akasoma, akasonya. Kumbe betri ndogo ya ndani ya mashine ilishakufa. Kila ikizimwa inasahau leo ni lini, inarudi mwanzo wa hesabu yake, mwaka sabini. Ikiamka inauliza mtandaoni, na huyo niliyemzima, yule mkimya, ndiye aliyekuwa anauliza.

"Usizime mtu kwa sababu hapigi kelele," akasema. "Wengine kazi yao ni hiyo, kuwaambia wenzao leo ni lini."

Amemrudisha. Kisha akasema haya, tuuone na huo mstari wa shemeji. Nikamwambia basi, inatosha. Akaniangalia. "Unaogopa faili?"

Ndiyo. Siku zote nikifika pale nafunga. Sikumwambia.

Akafungua. Juu ya mstari wenyewe kulikuwa na mwingine, umeanza na alama ya reli, hii: #. Bisibisi akausoma kwa sauti, haraka haraka, kama anavyosoma namba za simu:

*laptop yangu. usiufute. nikirudi nayo itajishika yenyewe.*

Halafu akaondoa mkono kwenye kibodi. Feni tu inazunguka.

Nikauliza, hiyo mashine inaelewa? Akasema hapana. Ukianza na alama ya reli, mashine inaruka, haisomi kabisa. "Hii amemwandikia mtu."

Mtu gani? Hakujua kama nitafungua humu. Aliniacha na mtoto wa mwaka mmoja na ufunguo wa stoo.

Bisibisi akasema njia ni tatu. Kufuta. Au kuweka alama ya reli mbele ya mstari, uwepo lakini usisomwe. Au kuongeza neno moja la herufi sita mwishoni, ambalo maana yake ni: akikosekana, usisimame, endelea na kazi. Lakini akitokea, mpokee.

"Yaani haingoji?"

"Haingoji. Lakini haijasahau." Akainuka. "Maana kwa sasa, mwenzangu, hii mashine inamngoja mumeo kuliko wewe. Amua, mimi nimeacha simu ya mtu uchi mezani."

Inamngoja kuliko mimi! Angejua.

Sijaamua. Njia ya tatu ni nzuri mno, naiogopa. Nikiiambia mashine isingoje, nani mwingine atangoja sekunde tisini kamili bila kuchoka? Nitabaki peke yangu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nyumbani. Nguo zimeanikwa, chumba kimefagiliwa, bado ni saa nne asubuhi. Jumapili ni ndefu kuliko siku zote. Majirani wana wageni, nasikia vijiko.

Nimempigia. Nampigia Jumapili tu siku hizi, kila siku ilikuwa inaniumiza. Yule dada wa kwenye simu akasema namba haipatikani. Tonge akaninyang'anya simu, akaiweka shavuni, akasema "Baba!" Akasikiliza. Akacheka. Akaibusu.

Anadhani yule dada wa haipatikani ndiye baba yake.

Sikumrekebisha. Nitamwambiaje? Nimemwacha amalize mazungumzo yake. Walipoagana akanirudishia simu ina mate.

Mwezi wa saba tangu aondoke alikuwa bado akipiga kila wiki. Mwezi wa nane, ujumbe mmoja: *mtandao huku shida, nitapiga nikishuka*. Tangu hapo kimya. Wiki sita kesho. Bado hajashuka.

Si mtu mbaya. Naandika hapa ili nisome siku nikianza kuamini watu wa foleni. Alikuwa akinikatia kucha za miguu wakati tumbo limenizuia kuinama. Si mtu mbaya.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeliandika. Nimefika kabla ya Shangazi, nikafungua faili, nikaweka nafasi moja, nikaandika herufi sita. Nilikuwa kama naandika talaka. Nikaangalia mara tatu nisije nikawarudisha watu elfu moja mia tisa na sabini.

Nikawasha. Mistari ikapanda, kijani, kijani, kijani. Wa kwake ukapita bila kusimama. *Karibu mama T.* Sekunde kumi na nne!

Mwekundu ulikuja baadaye, pembeni, bila kumzuia mtu.

Shangazi alipoingia ikawa tayari, printa ina moto. Akasimama mlangoni na mkoba begani. Nilidhani atafurahi.

"Umeufuta."

"Sijaufuta, Shangazi. Nimeiambia tu isisimame. Akija itampokea."

Akasogea. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha, na ule wenye alama ya reli. Miwani hana, kwa hiyo nilimsomea mimi. Akaomba nirudie. Nikarudia.

Akaweka mkoba chini. Akasema mtoto yule tangu zamani ukimtuma kiberiti asubuhi anakuja nacho jioni. "Lakini anakuja nacho." Kisha akachukua kitambaa akapangusa skrini, iliyokuwa safi, akaipangusa mpaka pembeni.

Fundi wa maofisini hatamwita. Hakusema, lakini amesema.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Sekunde kumi na nne hazitoshi kuandika kitu. Naanza neno, wateja wameshaingia.

Nyekundu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nyekundu. Tonge amejifunza neno "fomu". Anaiita kila karatasi fomu, na mimi jana ameniita fomu.

Nimegundua nazikosa zile sekunde. Ilikuwa kama kukaa na mtu. Sasa hakuna anayengoja kwa sauti. Nahesabu mwenyewe kichwani mpaka tisini nikiwa nimeshaanza kazi, huku namwuliza mteja nakala ngapi. Leo nimemwambia mzee mmoja "sabini na mbili." Akasema hapana binti, mbili zinatosha.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Umeme umerudi saa tano hii. Watu wameenda kupata chai, duka tupu, Tonge amelala kwenye boksi la karatasi. Nimewasha.

Saa, kijani. Kibodi, kijani. Mtandao. Printa.

Kijani.

Nimeandika neno hilo na kuliangalia. Nilidhani nimeruka mstari. Nimerudi juu nikausoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni wenyewe, jina ni lake, na pembeni kijani.

Labda nimekosea kitu tena. Mimi ndiye wa elfu moja mia tisa na sabini! Nimeenda kwenye folda ya wateja wa zamani. Siku zote ukiibonyeza haina kitu, nyeupe. Sasa imejaa. Barua za mwaka juzi, kadi za watu, na ile picha ya Tonge ana siku mbili, amekunja ngumi. Ile picha haiko popote pengine. Iko kwenye laptop tu.

Nimeifunga folda, nimeifungua tena, bado imejaa.

Mtandao wetu hauvuki barabara. Unaishia mezani kwa Bisibisi. Kwa hiyo laptop iko upande huu, iko hapa kibarazani, imewashwa, na mtu ameifungua. Mtu. Sitaki kuwaza ni mtu gani. Aliandika nikirudi nayo. Hakuandika kwamba itarudi yenyewe, au kwamba itatumwa na mwenzake wa minarani ndani ya begi. Nayo. Nikirudi nayo.

Kutoka hapa naona mgongo wa kiti cha Bisibisi tu. Amesimama. Mbona amesimama? Bisibisi hasimamagi kwa mteja.

Nimemnyanyua Tonge, hajaamka, naandika kwa mkono mmoja. Shangazi ananiita huko nje. Si sauti yake ya kila siku. Hajaniita bi harusi, ameniita jina langu, lile la kwetu, ambalo hapa hakuna anayelitumia isipokuwa yeye Shangazi mara moja siku ya harusi na mume wangu. Natoka —