Picha Iliyoganda Kwenye Kioo

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Habari za mjukuu wako tumezishangilia nyumba nzima. Mpe mwanao pongezi zangu, na umwambie amefanya jambo kubwa kumpa mtoto jina la mama yetu.

Ndani ya bahasha hii utakuta bahasha nyingine ndogo. Nakuomba usiifungue kwanza. Najua tabia yako: tangu utotoni ulikuwa unaanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho, halafu unarudi mwanzo ukijifanya umeshtuka. Safari hii nivumilie. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na mwalimu akinyimwa nafasi ya kueleza huugua.

Uliponipigia simu kuniomba picha ya mama ya kutundika chumbani kwa mtoto, nilikujibu kwamba nitaona. Nilisema hivyo kwa sababu sikujua niseme nini. Picha ya mama tunayo moja tu, na unajua ilivyo. Amekaa kwenye kiti, wewe mchanga umezungushiwa shuka mapajani mwake, nami nimesimama nyuma yake, mkono begani mwake, nimekaza shingo kama askari wa gwaride. Wewe ulikuwa unatambaa tu alipofariki. Baadaye paa la sebule likavuja, maji yakaingia kwenye fremu, picha ikagandana na kioo. Shangazi alipoibandua, nusu ya uso wa mama, kutoka jicho la kulia hadi kidevuni, ilibaki kwenye kioo. Naye maskini, akidhani ni uchafu, akakiosha kioo kwa sabuni.

Ndiyo maana uso mzima wa mama hukuwahi kuuona. Kila ulipouliza umefanana naye wapi, jibu lilikuwa lile lile la akina shangazi, kwamba wewe ni baba mtupu, umetemwa mdomoni mwake. Walidhani wanakusifu. Nami nakumbuka ulivyokuwa ukinuna, ukienda kukaa chini ya cherehani ya mama na kuchezea kile kikanyagio cha chuma mpaka hasira ziishe. Hata mwaka jana, tukiwa watu wazima wenye mvi, uliniuliza tena. Nikacheka nikabadili mazungumzo.

Basi nilimwendea mkwe wangu, ambaye unajua kazi yake ni kusafisha picha za harusi kwenye kompyuta. Alitaka kunifanyia mwenyewe, nikakataa. Nilimwambia huyu ni mama yangu, anifundishe, nitamshughulikia kwa mkono wangu. Akanipangusia kiti kwenye chumba chetu cha nyuma, pale kwenye meza ya kupigia pasi, akapeleka picha kwenye mashine ya kunakili, na mama akatokea kwenye skrini, mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona tangu nikiwa mtoto.

Kuhusu mwalimu wangu huyo, lazima nikuchekeshe. Heshima haimruhusu kumkaripia baba mkwe. Kwa hiyo anaikaripia kompyuta. Nikibofya pasipostahili, anaiambia kompyuta kwamba leo imeamka vibaya. Nikisahau kuhifadhi kazi, anaiuliza kama haikusikia ilivyoambiwa jana. Siku moja nilifuta mkono wangu mwenyewe kwenye picha, ukabaki ukucha tu begani mwa mama, naye akaitazama kompyuta kwa huzuni, akasema ni bahati yake ina umri mkubwa, vinginevyo angeichapa. Wifi yako, aliyekuwa anapita na ndoo, alicheka mpaka maji yakamwagika.

Jambo la kwanza nililolielewa upesi ni matabaka. Unakumbuka ile karatasi nyembamba inayoonyesha, niliyokuwa nikiitandika juu ya ramani ili ninakili mito? Programu hii inafanya kazi vivyo hivyo. Unatandika tabaka tupu juu ya picha, unachora juu yake, na picha ya chini haiguswi. Ukiharibu, unaondoa karatasi, ramani yako iko salama. Nilifurahi sana, nikaanza kuyapa matabaka yangu majina: mito, barabara, milima. Mkwe akaiuliza kompyuta tangu lini kuna milima kwenye picha ya familia.

Chombo cha pili wanakiita muhuri. Unachagua mahali penye afya, unachovya, unapiga mahali penye ugonjwa. Kwa muhuri huo nilifuta madoa ya maji ukutani, nikafuta mikwaruzo kwenye kiti, nikafuta kila kilichokuwa cheupe pasipotakiwa weupe. Ulevi ulinishika, nakwambia ukweli. Nikafika kwenye shati langu, karibu na kola, nikakuta mstari mweupe. Nikaufuta. Nikainamisha kichwa kutazama kazi yangu, na hapo hapo nikaachia kipanya.

Haukuwa mkwaruzo, Kitinda. Ilikuwa chaki ya fundi cherehani. Lile shati lilikuwa la baba, na asubuhi ile mama alikuwa analipunguza. Mpiga picha alifika kabla ya wakati, mama akaupiga mshono wa mwisho nami nikiwa tayari nimelivaa, akiniambia nisipumue. Alisema chaki ataipangusa tukimaliza. Nilisikia tena harufu ya mafuta ya cherehani na ubaridi wa kidole chake shingoni. Kumbukumbu hii ilikuwa imelala wapi miaka yote hii, sijui. Nikabonyeza kitufe cha kutengua, mstari ukarudi. Utauona. Nimeuacha.

Baada ya hapo nilirudi nyuma na kuukagua upya kila weupe kabla ya kuufuta. Kazi iliyokuwa ya wiki ikawa ya mwezi, lakini sikuona uchungu.

Hatimaye ikabaki nusu ya uso. Kwanza nilifanya ujanja wa mwanafunzi: nikanakili nusu iliyopona, nikaigeuza, nikaibandika upande wa pili. Akatokea mtu aliyenyooka mno, kama anayesubiri kugongewa pasipoti. Mkwe alisema kompyuta imemfanya bibi kuwa karani. Nikaitoa. Kisha nikachukua picha yangu ya ujanani nikabandika nusu ya uso wangu. Hiyo nisikueleze sana. Ilitosha mama kuota dalili za ndevu.

Ndipo nikasema, mimi niliishi naye, nitachora kwa kukumbuka. Nikashika brashi. Nikafumba macho nimwone. Niliona mikono yake. Niliona pini alizobana mdomoni akiwa anashona, na kisigino chake kwenye kikanyagio. Uso sikuuona. Niliweka kipanya chini, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu: mimi niliyekuwa shahidi wako wa pekee, nimeusahau uso wa mama. Nilichokuwa nakumbuka miaka yote ni ile nusu iliyobaki kwenye picha.

Mkwe aliona. Hakuikaripia kompyuta. Aliuliza polepole kama hatuna ndugu mwingine wa tumbo moja. Nikamwambia yupo mmoja, ila huyo ni baba mtupu, kila mtu anajua. Akasema tujaribu tu, tabaka ni karatasi, likikataa tutalitoa.

Tulichukua ile picha yako kwenye harusi ya mwanao, ambamo umegeuka kidogo kumtazama bibi harusi. Nikaikata, nikaiondolea rangi, nikaitandika juu ya picha ya mama. Nilikuwa nimejiandaa kuivuta na kuikunja, kama nilivyofanya na yangu. Kitinda, sikuivuta. Nyusi iliungana na nyusi. Mkunjo wa kando ya mdomo ulianzia kwake ukamalizikia kwako. Hata kope, ile yako ya kulia unayosema inasinzia kabla yako, ilikaa chini ya paji lile kana kwamba imerudi nyumbani. Mkwe aliondoa mkono kwenye meza, akaniita Baba. Nami nikamwona mama. Nikamkumbuka mzima, akicheka na pini mdomoni.

Sasa fungua bahasha ndogo. Utakuta picha mbili. Ya kwanza ina pengo kama tulivyoachiwa na kioo, ili mtoto asidanganywe. Ya pili ni nzima. Unajua nilivyokuwa mkali kwa wanafunzi waliochora ramani bila ufunguo. Ramani isiyo na ufunguo humpoteza msomaji. Kwa hiyo nyuma ya picha ya pili nimeandika ufunguo kwa kalamu ya wino: upande wake wa kushoto ni mama, upande wake wa kulia ni bintiye. Kisha geuza picha utafute mpaka. Mimi niliyeuchora siuoni tena.

Wifi yako anakusalimu sana, na mkwe anasema umshukuru usoni siku mtakapoonana, kwa kuwa uso wenu amekaa nao mwezi mzima. Nisalimie shemeji, nisalimie mama mzazi, na huyo mwenye jina mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Akikua akauliza bibi yake mkuu alikuwaje, mwambie akutazame.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Mzee Ramani