Koti la Nahodha

Brooklyn Center,
Januari

Wifi yangu Wema,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, nimebadilishiwa zamu, sasa nahudumia wazee asubuhi. Ziwa la karibu limeganda na watu wanavua wakiwa wameketi juu ya barafu. Mwaka ule, kabla ya safari ile, nilipomsimulia kaka Mudrick, mumeo, alicheka akasema nahodha asiyelowa si nahodha, lakini atakuja aone. Ndipo nikamnunulia lile koti la baridi.

Shangazi Rukia amenipigia. Anataka nikushawishi ukae eda, maana meli yake ya uvuvi ililipuliwa kwenye vita vya Yemen mwaka juzi, na mabaharia waliookolewa walisema nahodha alibaki kwenye usukani mpaka ikazama. Najua jibu lako: hukuonyeshwa maiti.

Nikaona siwezi kukuambia ukubali wakati koti lake bado linaning'inia mlangoni kwangu. Jumamosi nikalitoa sadaka. Nimempa Evodius, nesi aliyefika juzi kutoka Bukoba na sweta tu. Limemkaa vizuri, mabega yale yale. Akatia mikono mifukoni, akakuta glavu moja.

"Dada Salha, nyingine iko wapi?"

Nikamwambia imepotea.

Ninayo chini ya mto wangu wa kulalia, Wema. Kwa hiyo shangazi akikuuliza, mwambie nimekuandikia. Usimwambie nimeandika nini.

Wifi yako,
Salha