Kikombe cha Pili

Kwa mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako pia, ingawa yeye hajui ninachokuandikia. Mtu hamuulizi mjane wa siku kumi na mbili kama hajambo, lakini mama alitulea tuulize, nami nauliza: unakula? Unapata usingizi? Mgongo wako umetulia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi ni kali, na lango la kiwanda limefungwa kwa mnyororo tangu siku ile.

Barua hii nimempa dereva wa lori la vyuma chakavu, nikamwagiza aitie mkononi mwako wewe, si mwa mwanao. Isome yote ukiwa umeketi. Kisha msomee yeye, kabla ya Jumamosi. Amewatumia ujumbe wenzake wa tanurini kwamba siku hiyo Bwana Matone anatoka hospitali, naye atamngoja mlangoni amalizie kazi aliyoianza.

Msibani ulisikia vipande vipande, na vingi vilitoka kinywani mwangu. Sasa nakupangia mambo kama yalivyokuwa.

Kazi yangu unaijua. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeijengea ngozi ya ndani ile ndoo kubwa inayobeba chuma kilichoyeyuka. Tunaiita bitana, kama ya koti. Ni mchanga wa tanuri ulioshindiliwa pamoja na gundi, na isiposhika barabara, chuma huipasua kama karatasi. Zamani tuliishikisha kwa moto wa kuni, siku mbili nzima, mimi nikiwa kando yake kama mkunga. Kisha akaja yule mkemia mwenye miwani, ambaye watu walimpa jina la Bwana Matone kwa kuwa hakuna alichokipima ila kwa tone. Alileta dawa ya maji. Ukiichanganya na gundi, bitana hushika yenyewe, bila moto, kwa muda wa saa nne. Aliijaribu miezi mitatu, na ukweli ni kwamba ilishika vizuri. Meneja alitembea kiwandani akipiga mluzi.

Nilimchukia kijana yule. Siku moja, mbele ya watu wote, alisema kwamba moto ni wa kuchemshia chai, na kwamba Mzee wa Kuni akapumzike sasa. Watu wakaangua kicheko. Nilimzaba kofi, miwani ikarukia mchangani. Akanirudishia ngumi ya mdomo, tukabingirishana chini kama majogoo, mpaka shemeji, mumeo, akaniinua kwa kiuno. Alinitania kwamba sasa ameelewa kwa nini nyumbani kwake sahani hazidumu, kumbe ugomvi ni wa ukoo. Nilicheka huku nikitema damu. Lakini meneja aliniamuru nimwombe radhi mkemia hadharani, kofia mkononi. Niliomba. Tangu saa ile kitu ndani yangu kilichacha.

Baridi ilipoingia, Bwana Matone alitangaza kwamba katika baridi gundi hulala, kwa hiyo kila mkorogo utiwe vikombe viwili vya dawa badala ya kimoja. Aliandika, akatia saini, akabandika karatasi ukutani. Bitana ya kwanza ya vikombe viwili ndiyo iliyomuua mumeo.

Nilikuambia kwamba hakuumia. Nilikudanganya. Ndoo ilikuwa imejaa, inaning'inia kwenye kreni, naye ameshika gurudumu la kuiinamishia. Ubavuni mwa ndoo palitokea doa jekundu, dogo kama kidonda. Mtu mmoja alipiga yowe. Doa likafunguka, chuma kikaruka kama maji ya bomba lililopasuka, kikaangukia sakafu yenye unyevu, na unyevu ukalipuka. Mabati ya paa yaling'oka. Wanaume walikimbia huku nguo zinawaka, wakikanyagana, wakitukanana. Shemeji kilimpata kuanzia kifuani kwenda chini. Aliita mara mbili, na jina aliloliita halikuwa la Mungu wala la mama yake. Aliniita mimi. Shemeji! Shemeji! Kisha hakuwa tena na sauti.

Mwanao alitokea tanuri la pili, akamwona baba yake. Alinigeukia akauliza, Mjomba, nani? Nilinyoosha nyundo yangu kumwelekea Bwana Matone, ambaye wakati huo alikuwa amepiga magoti akimfukia mtu mchanga kumzima moto. Mwanao akachukua nyundo mkononi mwangu. Sikuing'ang'ania. Mkemia aliinua mikono kujikinga. Pigo la kwanza lilivunja wa kulia, la pili wa kushoto. Alipoanguka wakaja wengine na makoleo, na viatu vya chuma. Nilisikia taya likivunjika, kwa maana nilikuwa karibu kiasi hicho. Jicho moja halitaona tena. Muda wote alirudia neno moja, mpaka mdomo ukajaa damu: niliandika viwili, niliandika viwili. Askari walipokuja, wanaume arobaini walisema kwamba moshi uliwaziba macho. Nami nilikuwa mmoja wao.

Mdogo wangu, ni kweli aliandika viwili. Mimi nilitia kimoja.

Siku ile kukoroga kulikuwa zamu yangu, na hakuna aliyenihesabia. Nilitaka bitana ibaki mbichi. Si ili nimuue mtu, bali nimwaibishe kijana yule kama alivyoniaibisha. Sisi tuna desturi kwamba hakuna amiminaye chuma kabla mimi sijaigonga bitana kwa nyundo. Iliyoshika hulia kama kengele. Mbichi hulia kama boga. Nilikusudia kuigonga mbele ya wote na kutangaza kwamba haifai, ili meneja arudi kwangu na kuni zangu.

Niliigonga, ikalia kama boga. Nikajinyoosha niseme. Lakini meneja alinipita kana kwamba mimi ni nguzo, akamuuliza Bwana Matone. Yeye akaigusa kwa kidole; upepo ulikuwa umeukausha uso wa juu tu. Akatazama saa yake, akasema muda umetimia. Meneja akaamuru chuma kimiminwe. Sikuulizwa. Nikasema moyoni, haya, basi, ivuje, na wacheze ngoma yao wenyewe. Nilidhani itavuja kidogo.

Shemeji hakumwamini meneja wala mkemia. Alinitazama kutoka kwenye gurudumu lake, akainua nyusi, kama alivyofanya kila mara kwa miaka kumi na tisa, akingoja neno langu. Nikainamisha kichwa ili nisikutane na macho yake. Yeye akadhani nimeitikia. Akaita kreni.

Leo asubuhi nilikwenda kituoni nikaeleza hayo yote. Askari wa zamu aliandika ukurasa mmoja na nusu, akanishauri nikalale, akasema nirudi Jumatatu mkubwa wake atakapokuwepo. Kwa hiyo mpaka Jumatatu mimi ni mtu huru.

Mwambie mwanao asimguse tena yule mtu. Amekwisha kumvunja mikono asiye na hatia, na hilo litamtosha maisha yake yote. Kama bado anamtaka aliyemuua baba yake, nyumba yangu anaijua. Wifi yako nimempangia aende kwa dada yake tangu Ijumaa. Mlango hautakuwa na komeo, na mimi nitakuwa kwenye kiti cha sebuleni. Sitainua mkono wala sitaita jirani. Ukimzuia asije, ni kwa ajili yake umemzuia, si kwa ajili yangu. Mimi sikuombi jambo lolote, hata msamaha, kwa kuwa kuuomba ni kukutwisha mzigo mwingine.

Nisalimie wadogo, na wote watakaokuwa bado wanataka salamu zangu. Kula hata kama huna hamu. Nilitaka kumalizia kwa kujiita kaka yako, lakini neno hilo sasa ni lako kulitoa au kulinyima.

Ni mimi,
mtoto wa kwanza wa mama yako.